Tarakilishi Ikizeeka: Fundi au Duka?

Msomaji, hebu tazama kona ya sebule yako. Yamkini ipo pale, chini ya kitambaa cha kufuma, tarakilishi ya mezani mliyonunua mwaka ambao hata wewe mwenyewe umeusahau. Skrini imefifia pembeni. Kibodi imepoteza herufi mbili, lakini kila mtu nyumbani amekwisha kujua zilipokuwa. Ukiiwasha asubuhi una muda wa kuinjika chai, kuwaamsha watoto na kumtafutia mmoja wao soksi kabla haijawa tayari kufanya kazi. Na haupiti mwezi kabla mtu mmoja katika nyumba hiyo hajasema, "Hii kitu itupwe, tununue nyingine."

Itupwe au itengenezwe? Najua wapo watakaocheka na kusema kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Waacheni wacheke. Anayesema hivyo hajajaribu kuandika wasifu wa kuombea kazi kwa kidole gumba, wala hajamwona mwanafunzi wa chuo akipanga majedwali ya utafiti wake kwenye kioo kisichozidi upana wa kiganja. Katika mitaa yetu ya Eastlands, tarakilishi ya mezani bado ni chombo cha kazi kama vile cherehani, na mtu hatupi cherehani kwa sababu imeanza kulia.

Sisi huku Umoja Innercore swali hili lilitufika mnamo Juni 2025, na lilitufika wakati mbaya kabisa. Mume wangu alikuwa ameachishwa kazi katika karakana moja ya Eneo la Viwanda miaka miwili kabla. Alipochoka kuzunguka na bahasha ya vyeti, aliketi mbele ya tarakilishi yetu na kuanza kuwahudumia majirani. Humwandikia huyu barua, yule wasifu, na mwingine humsaidia kuomba mkopo wa HELB au kupata stakabadhi kwenye eCitizen. Lakini kazi kubwa hasa ni kuwajazia watu ripoti za ushuru katika mtandao wa iTax. Siku ya mwisho ni Juni 30, na wewe unatujua sisi Wakenya. Kuanzia Januari hadi Mei hakuna anayebisha mlango. Juni ikifika, foleni inaanzia sebuleni na kuishia kwenye ngazi. Juni ndio mwezi wetu wa mavuno.

Basi wiki ya pili ya mwezi huo, tarakilishi ikaanza kuzimika. Mume wangu anamjazia jirani fomu, amefika ukurasa wa mwisho, na pu! Giza. Anaiwasha tena, inachukua dakika kumi na moja kuamka (tulizihesabu), halafu saa yake inasema kwamba tuko katika mwaka wa 2013. Ukijaribu kufungua mtandao, inakataa na kutoa onyo kwamba tovuti hiyo si ya kuaminika. Jirani anatazama dari. Mwingine anakumbuka kwamba kuna saiba pale steji.

Wakati huohuo, zamu yangu ya chama ilikuwa imefika. Shilingi 30,000 taslimu. Kifungua mimba wetu yuko shule ya bweni, Kidato cha Tatu, na salio la karo lilikuwa Sh14,000. Mdogo wangu, ambaye tunaishi naye na anasomea uchoraji wa ramani za ujenzi katika chuo kimoja cha kiufundi, alikuwa na yake moyoni: kipakatalishi. Kwa hivyo fedha hizo kabla hazijatua mkononi zilikuwa na wenyewe watatu.

"Mama watoto, tusidanganyane," mume wangu akaniambia usiku ule. "Hii imekufa. Ukiitengeneza leo hapa, kesho inavunjika pale. Tununue nyingine tufanye kazi."

Sikumbishia papo hapo, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Ndiyo hoja ya kila mtu aliyewahi kumiliki gari kuukuu. Nilimwomba siku mbili tu. Moja ya kwenda kwa fundi, na ya pili ya kwenda madukani.

Fundi wetu ana kibanda kando ya Moi Drive, si mbali na soko la Mtindwa. Nilikibeba kile kisanduku ambacho wengi wetu hukiita CPU, ingawa fundi hunikumbusha kila mara kwamba CPU ni kijiwe kidogo kilichomo ndani na hicho nilichobeba ni jumba lake. Hakukimbilia bisibisi. Alianza kwa maswali, kama daktari mzuri. Inazimika ikiwa kazini au hata ikiwa imekaa tu? Inapozimika, ukiigusa kwa juu ni moto? Inatoa mlio wa kukwaruza? Saa yake ikoje?

Halafu akaifungua, na lo! Msomaji, sijui unadhani vumbi la Umoja huenda wapi likitoka barabarani. Lilikuwa humo ndani, limejifunga kama blanketi kuzunguka feni. Fundi akanieleza kwamba ile feni kazi yake ni kukipoza kijiwe kinachofikiri, na kati ya kijiwe na kipoza joto chake hupakwa dawa nyeupe au ya kijivu ya kupitishia joto. Ya kwetu ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Kijiwe kikipata joto kupita kiasi hujizima chenyewe kisiungue. Kumbe kuzimika kule kulikuwa kujiokoa, si kufa.

Saa iliyorudi mwaka wa 2013 nayo ilikuwa na sababu ndogo kiasi cha kuudhi. Ndani ya kila tarakilishi ya mezani kuna betri ya duara kama sarafu, ya volti tatu, aina ya CR2032. Hiyo ndiyo hushikilia saa na tarehe wakati stima haipo. Betri ikiisha, mashine hurudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani au iliyo karibu na hapo. Na mtandao wa siku hizi huchunguza tarehe: tovuti za serikali na za benki zina vyeti vya usalama vyenye siku ya kuanza na siku ya kwisha, na tarakilishi inayoamini kwamba tuko 2013 itaviona vyote kuwa havijaanza kutumika. Kwa hiyo ile iTax iliyokuwa ikitukataa ilikuwa inazuiwa na betri ya shilingi mia moja.

Fundi akaendelea kuchungulia. Alinionyesha kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye madabodi, akanitaka nitazame vichwa vyavyo. Vilikuwa bapa. Vikiwa vimevimba kama mkebe wa samaki uliooza, au vinavuja kitu cha kahawia, madabodi iko mashakani. Mafundi wa umri wake wana kisa nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita nyingi zilizotengenezwa kwa maji ya kemikali yasiyofaa ziliingia katika tarakilishi za makampuni mengi duniani na kuanza kupasuka baada ya miaka michache tu. Wengi waliotupa mashine zao wakati huo walitupa tarakilishi nzima kwa ajili ya vipipa ambavyo fundi mwenye mkono mtulivu angevibadilisha kwa waya wa risasi na dakika 40.

Kisha akachukua mita, akapima kile kisanduku cha ndani kinachopokea stima, ambacho wao hukiita pawasaplai. Waya wa volti 12 ulisoma 11.1, na kwa kawaida haitakiwi kushuka chini ya 11.4. "Hii imechoka," akasema. Sikushangaa sana. Umoja ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Marekani uliopitia shirika la USAID. Zilikuwa nyumba ndogo ambazo mwenyewe angeweza kuziongezea vyumba kadiri anavyopata. Wenyewe waliongeza kweli! Mahali palipokuwa na nyumba ya chini, leo kuna ghorofa sita, na kila mpangaji ana pasi, friji na hita ya kuogea. Jioni stima hushuka na kupanda kama matatu kwenye matuta. Kama una tarakilishi na huna ekstensheni yenye kinga ya stima, tafadhali usinunue kingine chochote kabla ya hiyo.

La mwisho lilikuwa diski. Yetu ilikuwa ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika huku kisindano kikikimbia huku na huko kutafuta faili. Mfikirie mzee mtunza stoo ambaye kila unapomwomba kitu lazima atembee mpaka kwenye rafu, tena sasa magoti yanamuuma. Diski za kisasa, SSD, hazina kitu kinachozunguka. Fundi aliunganisha yetu kwenye mashine yake, programu ikaonyesha kwamba sehemu kadhaa zimeharibika na zimehamishwa. "Hii," akasema, "usingoje ife. Nunua flashi leo utoe picha na faili zako."

Akaniandikia hesabu nyuma ya risiti. Betri Sh100. Pawasaplai ya mtumba iliyopimwa, Sh1,500. SSD mpya ya GB 256, Sh3,200. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, kuitoa GB 4 hadi 8, Sh1,200. Kusafisha, kupaka dawa ya joto na kazi yote, Sh1,500. Jumla Sh7,500.

Siku ya pili nilishuka mjini. Barabara ya Luthuli, kama hujafika siku nyingi, ilipunguzwa magari mwaka wa 2019 na wenye miguu wakapewa nafasi pana. Jina lake ni la Albert Luthuli, yule Mwafrika Kusini aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka wa 1960. Sijui angesema nini akisikia spika zote zile zikipigwa kwa pamoja. Niliingia maduka manne, mengine pale na mengine Moi Avenue, na kila mahali nilisema maneno yaleyale: nataka tarakilishi ya mezani ya kazi ya ofisi.

Mpya kabisa, ndani ya katoni, bei ilianzia Sh68,000. Hiyo niliipungia mkono kwa mbali. Wauzaji wenyewe walinisoma uso haraka, wakanipeleka kwenye rafu za "Ex-UK". Hizi ni mashine ambazo ofisi za Ulaya na kwingineko zimezitumia miaka michache, zikazibadilisha, nazo zikapakiwa kwenye makontena hadi kwetu. Nyingi ni imara, tena bora kuliko mpya ya bei rahisi. Yetu wenyewe ilikuwa Ex-UK, tuliinunua mwaka wa 2018 kwa Sh18,000 pamoja na skrini.

Kijana mmoja mchangamfu akanivutia moja. "Hii, mathe, ni kama mpya. Sh13,500, na skrini juu." Imefutwa ikang'aa, ina karatasi ya plastiki usoni. Nilimwomba anionyeshe kijiwe chake ni cha kizazi cha ngapi. Akasitasita, akaiwasha, tukasoma pamoja. Cha nne. Ndugu msomaji, kizazi cha nne cha vijiwe vya Intel kilitoka mwaka wa 2013. Ile "kama mpya" ilikuwa rika moja na yetu iliyolala kwa fundi. Pengine zilitoka kwenye ofisi moja!

Hapo ndipo nilipouelewa mchezo wote, na ningependa nawe uuelewe kabla hujafungua pochi. Kwa familia nyingi za mitaa yetu, kubadilisha tarakilishi hakumaanishi kutupa kuukuu na kuchukua mpya. Humaanisha kutupa uzee unaoujua na kununua uzee usioujua. Yetu nilijua ilivyoumwa, nilijua vumbi lake limetolewa lini, nilijua kapasita zake hazijavimba. Ile ya Sh13,500 ilikuwa na diski ya zamani inayozunguka, pawasaplai ambayo hakuna aliyeipima, na betri ya sarafu ya umri nisioujua. Dhamana yake ilikuwa miezi mitatu. Baada ya hapo ningerudi kwa fundi wangu kufanya matengenezo yaleyale ya Sh7,500, juu ya zile 13,500.

Lakini nisikufiche upande wa pili, kwa kuwa upo na ni mzito. Fundi mwenyewe ndiye aliyenitajia. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba ingeacha kutoa marekebisho ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ndivyo ilivyofanya. Mrithi wake, Windows 11, anachagua nyumba ya kuishi. Hutaka kijiwe cha Intel cha kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka 2017, au cha baadaye, ama kinacholingana nacho, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Yetu ya kizazi cha nne haimo. Na ile ya Luthuli haimo pia, ingawa kijana yule aliniapia kwamba anaweza kunitilia Windows 11 "bila shida". Zipo njia za kuilazimisha, ni kweli, lakini Microsoft haiahidi kuitunza mashine iliyolazimishwa, na mimi sitaki jirani ajaze PIN yake ya KRA kwenye kitu kisichotunzwa na mtu.

Nilipouliza mashine ya kizazi cha nane, bei ikapanda hadi Sh27,000, bila skrini. Hiyo ndiyo niliyoiona kuwa mbadala wa haki. Sasa swali likawa safi: Sh7,500 za kutengeneza, au Sh27,000 za kubadilisha kweli. Sh13,500 niliifuta kabisa.

Jioni tukaketi watatu, nikaweka hesabu mezani. Mume wangu akarudia hoja yake, kwamba itavunjika pahali pengine. Nikamjibu kwa nilichojifunza pale kibandani. Ndani ya tarakilishi, vitu vinavyochakaa vinahesabika: vinavyozunguka, yaani feni na diski, vinavyobeba stima na joto, yaani pawasaplai na kapasita, na vyenye kemikali, kama betri. Kijiwe chenyewe ni nadra kufa kikipozwa vizuri. Ukibadilisha vile vinavyochakaa, uzee unaobaki ni wa mwendo, na mwendo wa kujazia fomu na kuandika barua tunao wa kutosha na kubakisha. Hakukubali mara moja. Alitaka kujua itachukua muda gani. Nikamwambia fundi ameahidi siku moja na nusu. Alihesabu siku zilizobaki kufika Juni 30, akanyamaza. Kunyamaza kwake nakujua, ni kukubali.

Mdogo wangu ndiye aliyenikata maini. "Dada, hiyo mnayotengeneza ni ya fomu," akasema. "Mimi programu zangu za kuchora ramani haziwezi kukaa humo." Na alisema kweli. Programu za kuchora zina uchu wa kumbukumbu, na matoleo mapya hutaka Windows mpya. Kwa mtu kama yeye, kutengeneza yetu ni kupoteza pesa, hata iwe imetengenezwa na malaika. Maabara ya chuo hufungwa saa kumi na moja jioni, na kazi anazopewa hazifungwi saa hiyo. Lakini Sh27,000 zikienda kwake, karo ya Kidato cha Tatu ingetoka wapi? Nilimwambia hivyohivyo bila kuzunguka. Aliondoka mezani bila kumaliza ugali wake.

Nakueleza haya kwa sababu ukisoma ushauri wa wataalamu utaambiwa kwamba ikiwa gharama ya fundi inazidi nusu ya bei ya mashine nyingine inayolingana, nunua nyingine. Ni kipimo kizuri, nami nakitumia. Lakini hakikwambii mashine hiyo ni ya nani. Mimi ningeongeza kwamba madabodi ikiungua, usibembeleze, kwa sababu ya kubadilishia nayo huwa ni ya mtumba na bei yake hukaribia mashine nzima. Kama kifaa cha modeli yako hakipatikani tena, au fundi amekwisha kuirudia mara mbili kwa ugonjwa uleule, iache. Na kama kazi yako imeizidi nguvu, kama ilivyo kwa mdogo wangu, hakuna usafi wa feni utakaokusaidia.

Ukiamua kuiacha, usiiache jalalani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilisema kwamba mwaka wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizorekodiwa kwamba zilikusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Ndani ya skrini na madabodi mna risasi na sumu nyingine, na wanaozichoma kutafuta shaba ni watoto wa watu. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre kule Embakasi, kituo kilichoanzishwa na shirika la Computers for Schools Kenya, ambacho huzipokea na kuzivunja kwa utaratibu. Na kabla hujaipa mtu yeyote tarakilishi yako, hata shemeji, toa diski. Kufuta faili tu hakutoshi, mtu mwenye programu ifaayo huzirudisha. Yetu ya zamani imo ndani ya droo, imefungwa kwa gazeti.

Jambo jingine lililonikaa kichwani nililisoma miaka iliyopita. Mwaka wa 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kutengeneza tarakilishi moja ya mezani na skrini yake, zile skrini nzito za wakati ule, kulihitaji kilo 240 za nishati kama makaa na mafuta, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Tani moja na nusu ya maji! Ukiishi Umoja, ambako mabomba hutoka maji kwa siku zake, huwezi kuisoma takwimu hiyo bila kufikiria mitungi.

Fundi alitimiza ahadi. Tarakilishi iliporudi tuliiwasha, na mume wangu, aliyekuwa amezoea kwenda kuchemsha chai, alikuta iko tayari kabla hajafika jikoni. Sekunde 24. Aliizima akaiwasha tena kwa kutoamini. Siku ya mwisho ya Juni alihudumia watu mpaka saa sita kasoro usiku, na zile Sh7,500 zilikuwa zimerudi zamani. Karo tulilipa. Zilizobaki zilikwenda kwenye kodi ya nyumba, na hakuna aliyeziona zikipita.

Oktoba ilipofika, mume wangu aliiandikisha mashine katika mpango wa nyongeza ambao Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10, wa kuendelea kupata marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Sisi hatukulipa, ilitosha kuingia kwa akaunti na kukubali kuhifadhi mipangilio. Fundi vilevile alitutilia Linux kando yake, mfumo wa bure ambao huishi vizuri kwenye mashine za zamani, na kitindamimba wetu huutumia kwa kazi zake za shule. Ya kuandika na ya mtandao yote yamo. Kama una shaka kwamba programu za bure zinaweza kuwa za watu kama sisi, kumbuka kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, mwaka wa 2004. Fomu ndefu za ushuru zilizotayarishwa kwa Excel ndizo zinazotubakiza kwenye Windows.

Mdogo wangu hakuzungumza nami kwa siku tatu, halafu akaanza kufanya vibarua vya wikendi kwa mkandarasi mmoja huko Tena. Mara ya mwisho aliponionyesha simu yake, alikuwa ameweka akiba ya Sh11,000. Jumamosi jioni hupitia Luthuli kabla ya kurudi nyumbani. Haulizi bei kwanza. Anamwambia muuzaji aiwashe, anasoma kizazi cha kijiwe, kisha anaomba bisibisi afungue kifuniko atazame vichwa vya kapasita. Maduka mawili yamekwisha kumkataza kuingia.